Mwalimu wa Chekechea Ajifunza Kunyanyuka

Wifi yangu amefundisha chekechea kwa miaka ishirini na mbili, na kazi hiyo imemwingia mwilini kuliko ugonjwa wowote. Akikutuma dukani lazima urudie maneno aliyokwambia. Ukinawa mikono anataka kuiona pande zote mbili. Kaka yangu, mumewe, ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenye ndevu, lakini mezani huwa ananyoosha kidole kabla ya kuongea. Ukimuuliza anakana. Mimi nimemwona kwa macho yangu.

Kwa hiyo alipolazwa kufanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi, sikushangaa nilichokikuta siku ya tatu. Wagonjwa wa wodi nzima walikuwa wamepanga mstari wa kwenda kutembea koridoni, wafupi mbele, warefu nyuma. Yeye alikuwa wa mwisho, amepinda mgongo, mkono mmoja umeshika tumbo na mwingine unaelekeza.

"Wifi," nikamwambia, "umekuja kutibiwa au umekuja kufungua shule?"

"Usinichekeshe," akasema huku amefumba macho kwa maumivu. "Nyuzi zitaachia."

Hapo ndipo adhabu yangu ya kukatazwa utani ilipoanzia. Mimi ni msusi. Mteja anakaa kwangu saa nne, tano, na asipocheka njiani hatarudi tena. Nilifunga saluni nikahamia kwao kumuuguza, na pamoja na dawa tulirudi nyumbani na masharti: asinyanyue kitu kinachozidi birika la maji, asiiname, asibebe mtoto, atembee kidogo kila siku, na akitaka kukohoa au kucheka aukumbatie mto. Mto ule ulizunguka naye nyumba nzima. Nikianza tu kusema, "Eti wifi," anaukumbatia kabla sijafika popote.

Daktari alimpa wiki sita za kupumzika. Siku ya tano nyumbani alikuwa ameshapata karatasi ya manila na kalamu za rangi, akachora ratiba na kuibandika ukutani. Jua lilikuwa kuamka, kikombe kilikuwa dawa, kiatu kilikuwa kutembea hadi kona na kurudi. Kaka yangu akiosha vyombo bila kukumbushwa alibandikiwa nyota. Mimi katika wiki mbili niliambulia nyota moja, na hiyo nilinyang'anywa nilipowasimulia majirani habari za wodini.

Utani kando, kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Wiki ya tatu Mwalimu Mkuu wa shule yao alikuja kumwona. Ni mama mnene, mpole, asiyependa kuzunguka mbuyu. Alikunywa chai yake, kisha akasema kilichomleta: mwalimu anayemshikia darasa anaondoka mwisho wa mwezi, na ofisini kuna nafasi ya kutunza mafaili. Kazi nyepesi, ya kukaa kitini.

"Mimi si mtu wa mafaili," wifi akasema.

"Najua, mwenzangu. Lakini chekechea ni kazi ya sakafuni. Unakaa mkekani, unanyanyuka, unakaa, unanyanyuka, mpaka kengele ya mwisho. Siwezi kukurudisha ukaja kuumia mbele ya watoto." Akaweka kikombe chini. "Tufanye hivi. Wiki ya sita daktari akikuruhusu, njoo Ijumaa. Nikuone unakaa mkekani na unanyanyuka mwenyewe bila kushikwa. Ukiweza, Jumatatu darasa ni lako. Ikishindikana, tutaongea habari za mafaili."

Alipoondoka, wifi alichukua kalamu zake za rangi. Alikwenda kwenye ratiba yake, akachora mkeka.

Lazima nieleze kwa nini mafaili yalimtisha kuliko kisu cha daktari. Watoto wa darasa lake hawasalimii kwa mdomo. Asubuhi yeye husimama mlangoni, nao wakishaingia getini hukimbia moja kwa moja hadi tumboni kwake, kichwa mbele, wote ishirini na sita. Ana tumbo la kukaribisha wageni, hilo nilimwambia hata siku ya harusi yake. Kuna mmoja wanamwita Kifaru, na jina hilo hakupewa kwa ajili ya upole. Wifi hajawahi kupata mtoto wake mwenyewe. Hajawahi kulalamika pia, angalau si mbele yangu. Lakini mtu anayepokea vichwa ishirini na sita kila asubuhi huwezi kumwambia akapokee mafaili.

"Sasa hao utawafanyaje?" nikamuuliza. "Tumbo lenyewe ndilo hilo lililopasuliwa."

"Watanisalimia begani."

"Bega lako watalifikia kwa ngazi?"

Akaukumbatia mto.

Kaka yangu aliposikia kwamba shida ni kukaa chini, alipotelea karakana siku mbili nzima. Siku ya tatu akarudi na kiti. Alikitengeneza kwa nondo zilizobaki kwenye kazi ya madirisha, kirefu, chenye pa kuegemeza mikono, kimepakwa rangi ya bluu. Tulikishusha garini watu watatu, yeye, mimi na jirani. Wifi akakaa. Miguu ikaning'inia. Akatutazama kutoka huko juu kama hakimu anayetaka kutusomea hukumu.

"Mume wangu," akasema polepole, "hiki kikitakiwa kusogezwa darasani kitasogezwa na nani? Mimi nimeruhusiwa birika."

Kaka yangu akakitazama kiti, akakuna kichwa. Ilikuwa wazi kwamba suala la uzito halikumjia kabisa, maana kwake yeye kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba hakijatengenezwa vizuri. Hata hivyo alibandikiwa nyota mbili. Nilimwona mkewe akimfuta masizi shavuni kwa muda mrefu kuliko masizi yenyewe yalivyohitaji, nikajifanya natafuta kijiko.

Wiki ya tano muuguzi wa kliniki akamfundisha namna ya kunyanyuka kutoka chini bila kulisumbua tumbo. Hujikunji kwenda mbele. Unalala ubavu, unasukuma kwa mikono, unakuwa kwenye viganja na magoti, unatanguliza mguu mmoja, ndipo unasimama. Ni njia nzuri, ila katikati yake kuna mahali ambapo mwalimu wa miaka ishirini na mbili anakuwa anatambaa, makalio juu. Hilo wifi hakulitaka. Aliazimia kusimama kama alivyokuwa akisimama zamani, mara moja, kwa heshima zake, na alipoona haiwezekani akaanza kufunga mlango wa sebule. Sisi huku jikoni tulikuwa tukisikia kimya, kishindo kidogo, kimya tena, kisha "Haya, rudia." Ukibisha hodi anajibu "Nipo!" kwa sauti ya mtu aliyeficha mwizi uvunguni.

Siku moja niliingia bila hodi. Nilimkuta kwenye viganja na magoti katikati ya mkeka, jasho linamdondoka puani.

"Wifi, ukisema neno hata moja, hapa kwangu usirudi tena."

Nikasimama pale pale mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu Mkuu akiniona hivi," akasema, "atanipa mafaili kwa huruma tu."

"Hajasema usimame kwa madaha. Amesema unyanyuke."

"Na watoto je? Wataniona nimekuwa hivi."

Nilimpa khanga ajifute, nikatoka, nikaufunga mlango.

Alhamisi ya wiki ya sita daktari alilitazama kovu, akalibonyeza huku na huku, akasema anaweza kuanza kazi kidogo kidogo, ila kubeba watoto bado. Ijumaa asubuhi tukaenda shuleni. Kaka yangu alitupeleka hadi getini akasema ana haraka, kuna mtu anamngoja karakana. Kisha akazima gari akabaki amekaa.

Darasa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Viti vidogo vimepangwa ukutani, mkeka wa plastiki umetandikwa katikati, na watoto wamekaa juu yake wamekunja miguu. Wifi alipovuka kizingiti alitanguliza mkono mbele ya tumbo kujikinga. Hakuna aliyekimbia. Mkono ukabaki hewani.

"Hamjambo, watoto?"

"Ha-tu-ja-mbo, mwa-li-mu!" Wote kwa pamoja, bila kutikisika.

Niliuona uso wake ukisawijika. Wiki sita alikuwa amepanga namna ya kuwazuia, na sasa hakukuwa na hata mmoja wa kuzuiwa.

"Kifaru," akaita. "Wewe hunisalimii?"

Kifaru akaficha mikono mgongoni. "Tumeambiwa ukiguswa utapasuka."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, ghafla akaona kitu cha maana sana huko nje.

Wifi akacheka. Hakuwa na mto, kwa hiyo akajishika tumbo kwa mikono miwili huku akisema "aii, aii," na watoto wa mbele wakarudi nyuma kwa hofu kwamba mambo yameanza. "Hapana," akasema, "sipasuki, jamani, tazameni." Akaja hadi mkekani, akapiga goti, akashuka taratibu hadi akakaa katikati yao. Sehemu ya kwanza ilikuwa imekwisha. Mwalimu Mkuu akageuka kutoka dirishani kuiangalia ya pili.

Wifi aliutazama mlango. Nilijua alichokuwa anawaza, kwamba laiti ungefungwa. Kisha akawatazama watoto, na uso wake ukawa ule wa kazini.

"Leo tunajifunza kunyanyuka," akasema. "Nani anajua kunyanyuka?"

Mikono yote ikaenda juu.

"Hamjui. Laleni ubavu."

Wakalala, naye akalala. Darasa zima likawa sakafuni, pamoja na mwalimu wake aliyevaa gauni lake zuri.

"Viganja chini. Sukuma. Magoti. Haya, sasa sisi ni nani?"

"Mbuzi!"

"Mbuzi hana haraka. Mguu mmoja mbele. Polepole, Kifaru, hakuna zawadi hapa. Tayari? Simama!"

Wakasimama, isipokuwa wawili walioamua kuendelea kuwa mbuzi. Na katikati yao mwalimu wao alikuwa amesimama, kijasho chembamba kinamtoka, hajashika ukuta wala mtu.

"Jumatatu," akasema Mwalimu Mkuu. "Nusu siku kwa wiki mbili za kwanza. Na hubebi mtoto."

Siku nyingine wifi angeibishania ile nusu hadi jioni. Siku hiyo alisema ahsante tu.

Ndipo Kifaru alipojitoa kundini. Akasogea hatua moja, nyingine, akanyoosha kidole kimoja, akaligusa tumbo la mwalimu wake kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Akasubiri. Kisha akawageukia wenzake.

"Hajapasuka!"

Tangu siku alipoambiwa ana uvimbe sikuwahi kuona chozi la wifi yangu, hata siku ya kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Sasa machozi yalimtoka hivi hivi, mbele ya wote, wala hakuyafuta.

"Nimekuumiza?" Kifaru akauliza.

"Hapana, mwanangu. Niliogopa mtakuwa mmezoea kukaa bila mimi."

Kifaru akafikiri, kidole bado kiko tumboni. "Sisi tulikuwa tunakungoja tu," akasema.

Utani niliokuwa nimemwandalia wifi yangu niliuacha hapo hapo darasani. Nikatoka kwenda kumwambia kaka yangu ashuke garini.