Vuai na Mtaa Ulioingia Boksini

Sogeeni, nafasi ipo kwa wote. Nataka niwasimulie habari za Vuai, mtu wa Makunduchi, mfungaji mizigo, na Alhamisi ile aliyoalikwa kwenye kituo cha sanaa akaenda na seloteipu.

Vuai yuko Guangzhou mwaka wa kumi na nane sasa. Stoo yake iko kwenye uchochoro nyuma ya Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla, ambako duka moja linauza midoli, la pili madaftari, la tatu uduvi mkavu, na harufu zote tatu zinakutana mlangoni kwake. Wafanyabiashara wetu wa Dar na Unguja wananunua huku na kule, kidogo kidogo, kisha wanamletea yeye. Yeye anapanga, anabana, anafunga, anaandika jina la mwenye mzigo kwa wino mweusi, na lori linachukua kupeleka bandari ya Huangpu. Kazi yake inaishia hapo.

Na ni fundi, msimwone hivi. Glasi za chai huziviringisha ndani ya mataulo ya mteja yule yule, ili nafasi isipotee. Sufuria inabeba vikombe, kiatu kinabeba miwani. Watu husema robota la Vuai likianguka kutoka ghorofa ya pili, kitakachovunjika ni sakafu.

Sasa kuna binti anaitwa Odilia, mtu wa Bukoba, anayesoma sanaa chuo kikuu kwa ufadhili. Siku moja mvua ilimkimbiza akaingia stooni kwa Vuai, akapewa chai ya tangawizi, na tangu hapo akawa haji mjini bila kupita. Anakaa juu ya marobota, anachora, anapiga soga. Anamwita mjomba, naye anamwita mwanangu.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake. Kazi yake ya kuhitimu ilipewa chumba katika kituo cha sanaa ya kisasa, kiwanda cha vioo cha zamani ng'ambo ya mto, ambacho kimepakwa chokaa nyeupe na kuwekewa taa. Walimu wangekuja kuipima Alhamisi saa nane na nusu mchana. Kazi isiyokuwepo saa hiyo haina alama, na bila alama hakuna shahada. Ufadhili wenyewe ulikuwa unakwisha mwezi wa saba, hauongezwi hata wiki. Kwa hiyo binti wa watu ama apite Alhamisi hiyo, ama arudi Bukoba mikono mitupu baada ya miaka minne.

Hayo yote Vuai hakuyajua. Yeye alipata ujumbe kwenye simu: "Mjomba Vuai, shikamoo. Alhamisi karibu kituo cha sanaa. Nitafurahi sana ukija." Chini yake, ramani.

Jamani, msimlaumu upesi. Katika miaka kumi na minane mjini humu, kila aliyemwambia Vuai njoo alikuwa ana mzigo. Hata harusi aliyowahi kualikwa, Xiaobei kule wanakokaa Waafrika wengi, walimwita afunge zawadi za bibi harusi ziende Mombasa. Akaula wali wake amesimama, mkasi mfukoni. Basi alipousoma ujumbe wa Odilia alijisemea, anamaliza shule huyu, anasafirisha vitu vyake. Na kwa kuwa ni mwanangu, sitamtoza kitu.

Alifika saa sita na nusu, na toroli lake, maboksi yaliyokunjwa, kiroba, kamba na seloteipu sita.

Saa hiyo, kama mnavyojua au kama hamjui, ni saa ya kulala. Wachina wakishakula cha mchana hulala kidogo, hata makazini. Mlinzi alikuwa kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya meza. Alifumbua jicho moja, akaona mtu mwenye toroli na kamba, akajua ni fundi wa maonyesho. Akanyoosha kidole upande wa chumba cha tatu, akafumba jicho.

Chumba kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji, na vitu vimetandazwa chini kutoka mlangoni hadi dirishani. Chupa ya chai. Viatu vya mpira. Saa ya ukutani. Wigi. Sahani sita za udongo, miwani ya kusomea, poti la mtoto, shela la bibi harusi. Vyote hamsini na vitatu, na kila kimoja kimefungiwa kikaratasi chenye jina la mtu na maneno kidogo, Kiswahili juu, Kichina chini.

Vuai aliinama akasoma kimoja: "Mama Getrude. Chupa iwe inayoshika moto kweli, siyo kama ile ya Dorothea."

Akacheka peke yake. Vikaratasi vya namna hiyo anavishika kila siku, ni maagizo ya watu wa nyumbani. Akatikisa kichwa. "Maskini, kaviacha chini namna hii, mtu atakanyaga."

Akatoa simu akapiga video, kitu kimoja kimoja, mlangoni hadi dirishani. Hilo halifanyii mzaha, maana wako wateja wa kudai pasi tatu ambazo hazikuwahi kuingia stooni. Halafu akakunja mikono ya shati. Akafunga kama anayemfungia mtoto wake wa kumzaa. Sahani ndani ya shela, shela ndani ya poti, miwani ndani ya kiatu. Saa saba na dakika hamsini alikuwa anapiga seloteipu ya mwisho.

Odilia akaingia, gauni lake jipya la kitenge, karatasi mkononi. Alikuwa amekwenda bwenini kubadili nguo.

"Shikamoo mjom..."

"Marahaba mwanangu! Umekuta n'shakumalizia. Maboksi manne na robota moja. Niandike jina lako au la mama?"

Odilia alitazama sakafu. Akatazama maboksi. Akatazama sakafu tena.

"Mjomba. Vitu vyangu viko wapi?"

"Si humo."

"Vyote?"

"Vuai anaacha kitu?"

Odilia akakaa kwenye boksi.

"Hilo usikalie, lina miwani."

"Mjomba, ile ndiyo ilikuwa kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Vile vitu. Vilivyokuwa chini."

"Chini vilikuwa vinafanya nini?"

"Vinatazamwa!"

Kisha akamweleza, maneno yakikimbizana. Kwamba tangu aondoke nyumbani, watu wa mtaa wao kule Kashai, Bukoba, wanamtumia ujumbe, niletee hiki, niletee kile. Kwamba kwa miaka minne amekuwa akivinunua kidogo kidogo, na humu amevipanga nyumba kwa nyumba kama mtaa wenyewe ulivyo, ili mtu akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani awe ameutembea mtaa wote. Na kwamba walimu wanaingia saa nane na nusu, na wasipoukuta mtaa, shahada ndiyo basi.

Vuai alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu. Nimekufungia shahada."

Odilia alianza kulia, lakini Vuai hakumpa nafasi. "Utalia saa tisa. Futa macho. Nina video." Akaegemeza simu ukutani, akachomoa kisu.

Hapo ndipo lilipomkuta jambo ambalo hakulitegemea. Alisimama mbele ya boksi lake mwenyewe, kisu mkononi, asijue aanzie wapi. Maelfu ya maboksi amefunga, na hajapata kufungua hata moja. Wanaofungua wako Kariakoo, wako Darajani, wako Bukoba. Yeye yake huishia mlangoni, lori likikata kona.

"Mjomba, kata!"

Akakata. Seloteipu chini ya seloteipu, kamba chini ya hiyo.

"Hii ulifunga ya kwenda wapi, mwezini?"

"Ya kwenda kwenu! Meli, halafu lori, halafu matuta. Ungejua barabara ninazoziwaza nikifunga, ungeninyamazia."

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa ile chupa ya chai. Vuai alisoma kikaratasi kwa sauti, kama anavyodhani wanafanya wenzake wanaofungua: "Mama Getrude!"

"Nyumba ya kwanza," akajibu Odilia, macho kwenye video, akaiweka mlangoni.

"Lucas! Viatu, namba arobaini na mbili, 'na usiniletee vya pinki tena.'"

"Ya nne! Kushoto kidogo. Lete."

"Dainess! Wigi."

"Ya sita. Hilo lilale, lisisimame."

Wakaenda hivyo. Jasho linawatoka, kitenge kipya kimejaa vumbi, mmoja anaita, mwenzake anaitika. Robota likaisha, boksi la kwanza likaisha, la pili, la tatu. Walikuwa wamefika nyumba ya tisa mlango ulipofunguka.

Aliyetangulia ni Mwalimu Liang, mama mfupi wa miaka sitini hivi, miwani inaning'inia kwenye kamba. Huyu wanafunzi humwogopa, maana hasifii kitu ovyo. Nyuma yake walimu wawili vijana na madaftari. Nyuma yao mlinzi, sasa macho yote mawili yamefumbuka.

Odilia alisimama akasema kweli yote kwa Kichina. Kwamba huyu ni mjomba wake wa hapa mjini, kazi yake kufunga mizigo, na kaifunga kazi kwa upendo.

Vuai naye akapiga hatua mbele. Kichina chake ni cha sokoni, cha kubishana bei. "Laoban," akasema, neno wanalomwitia kila bosi, "kosa langu. Yeye hana kosa. Kazi nzuri. Mimi mjinga."

Mwalimu Liang aliwatazama wote wawili. Akatazama boksi la nne, bado limefungwa kama jiwe. Akatazama saa.

"Chumba hiki nimekipangia dakika kumi na tano," akasema. "Napima kitakachokuwepo zikiisha."

Odilia hakusubiri kuambiwa mara mbili. "Mjomba, ita!"

Vuai akakata. "Baba Wilbard! Saa ya ukutani. 'Iwe ya kimya, mama yenu hapendi tik-tik.'"

Odilia akaitafsiri kwa Kichina huku anaiweka. Mwalimu mmoja kijana alicheka, akajizuia. Vuai akaendelea, poti la mtoto, shela la bibi harusi, daftari la mistari mipana, sahani za udongo moja moja hadi sita, zote nzima. Kila akiita, walimu walikuwa wanasogea mbele kidogo kufuata mahali kitu kinapokwenda, hata wakajikuta wamefika dirishani.

Kitu cha hamsini na tatu kikatua dakika moja kabla.

Mwalimu Liang alivaa miwani. Akafungua jalada, akatoa mchoro ambao Odilia aliuwasilisha tangu mwezi wa tatu. Akaanza kutembea kutoka mlangoni, polepole, mchoro mkononi. Alifika karibu na dirisha akasimama.

"Saa ya kimya kwenye mchoro iko nyumba ya kumi na moja. Hapa iko ya kumi."

Odilia akaweka mkono mdomoni. "Ndiyo, mwalimu. Nyumba ya kumi ni ya bibi mjane. Baba Wilbard anakaa ya kumi na moja."

"Basi mrudishe kwake. Watu watasema."

Vuai aliichukua saa kwa mikono miwili, akaihamisha. Walimu wakatoka kwenda ukumbini kuzungumza. Odilia na Vuai walibaki katikati ya mtaa. Vuai alikuwa anaokota vipande vya seloteipu, kimoja, kingine, hata visivyokuwepo.

Walimu walirudi. Mwalimu Liang alizungumza kwa ufupi, na Odilia akamsikiliza amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kisha akamgeukia Vuai, machozi yale ya saa tisa yamewahi kidogo.

"Nimepita, mjomba."

"Umepita?"

"Nimepita! Alama ya juu kabisa kaninyima. Kasema sakafu ina gundi, halafu siku nyingine niweke kibao mlangoni."

"Na ana haki," akasema Vuai, naye akageukia ukuta kujifuta uso kwa kofia.

Saa tisa milango ilifunguliwa kwa watu. Vuai akaanza kukunja maboksi yake, akageuza toroli.

"Unakwenda wapi?"

"Stooni. Kuna mzigo wa Zanzibar unaningoja."

"Ungoje kesho. Mimi sikukuita kazini, nilikualika utazame."

"Nitazame nini, mwanangu? Vyote nimevishika."

"Kushika siyo kutazama. Acha toroli hapo."

Akaliacha. Ilikuwa shida kidogo, mikono haikujua ikae wapi; aliiweka nyuma, akaiweka mbele, mwisho akaishika moja kwa nyingine. Akaanza mlangoni, kwa Mama Getrude, hatua kwa hatua. Alikuwa amefika nyumba ya tatu alipotokea mama mmoja wa Kichina, mfuko wa mboga begani, akamuuliza hii ni nini, ni duka?

Vuai akafikiri. "Siyo duka," akamjibu kwa Kichina chake cha sokoni. "Mtaa. Huyu wa mlangoni, chai yake inapoa upesi, ana hasira. Yule pale, mpira, miguu mikubwa. Njoo, twende, mbele kuna harusi."

Yule mama akaita wenzake wawili. Muda si mrefu walikuwa watu saba wanamfuata Vuai kwenye mtaa wa Bukoba, mji ambao hajapata kuukanyaga, naye anawaonyesha nani anakaa wapi.

Odilia alimpungia mkono kutoka mlangoni. "Mjomba, chai imekuja!"

"Ngoja kwanza," akajibu bila kugeuka. "Nimewafikisha kwa Dainess, nikiwaacha hapa watapotea."