Mti wa Noeli Aliouchagua Papa

Desemba iliyopita nilishuka sokoni Birere kuwatafutia wanangu mapambo ya Noeli. Siku hizi miti inatoka ndani ya makartoni, ni ya plastiki, inakunjwa kama mwavuli. Muuzaji aliniuliza kama nataka wa kijani au mweupe. Nikasimama pale nikiwa na mti mkononi, nikaurudisha ndani ya kartoni, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Acha nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi, mti tuliutoa kwenye pepinyeri, kitalu cha miche cha mjane mmoja, nyuma ya parokia yetu. Sisi watoto tulimwita mama wa maua. Alikuwa akiotesha miche ndani ya makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa chini, na kwa kuwa ardhi ya Goma ni mawe matupu, udongo wake ulikuja kwa magunia kutoka Rutshuru. Alikuwa na hortensia, na yale maua ambayo majani yake ya juu hugeuka mekundu Noeli ikikaribia, na huko mwisho, karibu na uzio, misipre midogo, ndiyo miti yetu ya Noeli. Ukivunja kitawi cha msipre, harufu ilibaki vidoleni mpaka saa ya kula.

Papa alikuwa dereva wa kamyo, akileta viazi na jibini kutoka Masisi. Kila mwanzo wa Desemba alitupeleka pale, mimi na mdogo wangu. Alizunguka mistari ya makopo mikono mgongoni, akatuuliza upi tunaupenda, halafu akachagua ule alioutaka yeye. Alitaka wenye mizizi tu. Alizoea kusema kwamba ukikata mti kwa ajili ya sikukuu umeleta maiti nyumbani. Siku za Noeli zikipita, tuliurudisha kwa mama wa maua ukaendelea kukua.

Mwaka ule wa miaka yangu kumi, waasi walikuwa wameshika mji na barabara zote. Papa aliondoka Agosti kwenda Masisi, na hakurudi. Mtu mmoja alisema ameona kamyo imeungua kwenye kona. Mwingine alisema madereva walitekwa wabebe risasi msituni. Mama alisikiliza kila mmoja, akashukuru, akarudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo, kwenye kinu. Kila Jumamosi alifua shati la Papa la kanisani, ingawa hakuna aliyelivaa.

Kwaya ilipoanza kurudia nyimbo za Noeli, Mama alituvalisha viatu akatupeleka kuchagua mti. Nilifurahi, na niliona aibu kufurahi. Mama alipita mbele ya kila msipre bila kuugusa. Mwishowe mama wa maua akatoka na kopo moja alilokuwa ameliweka pembeni. Kwenye shina kulikuwa na kitambaa cha buluu.

"Huu, papa ya batoto alishauchagua," alisema. "Alipitaka hapa mbele ya kwenda. Akaniambia niuchunge mpaka arudi."

Mama alikaa chini, palepale kati ya makopo, na sketi yake ya ibada. Hakulia. Alishika lile kopo kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Tulibaki tumesimama mpaka mdogo wangu akasema ana njaa.

Mti ule tuliupamba kwa pamba ya dispansari, na nyota tulizokata kwenye karatasi zinazong'aa za pakiti za sigara. Noeli ikapita. Siku ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, ikapita. Mama wa maua alituma mtu kuuliza kama tunarudisha mti, na Mama akajibu kwamba mwenyewe aliyeuchagua hajauona umepambwa bado.

Ndipo mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Ardhi ilikuwa ikitetemeka tangu asubuhi, na mchana watu wakaanza kushuka wakisema moto unakuja mjini. Majirani walibeba magodoro, masufuria, mashine za kushona. Mama alifunga nguo zetu kwenye kitenge, akaniwekea mimi kichwani. Yeye akabeba mti. Jirani mmoja alimwambia aache upumbavu. Mama hakumtazama.

Tulifuata umati kuelekea mpaka wa nchi, upande wa Gisenyi. Hewa ilinuka kiberiti, na majivu yalituingia mdomoni. Nyuma yetu mapipa ya mafuta yalilipuka moja baada ya jingine. Mdogo wangu, wa miaka minne, alitembea mpaka miguu ikakataa, akakaa katikati ya barabara, watu wakimruka. Nilijaribu kumnyanyua, nikashindwa, kwa sababu ya mzigo kichwani. Mama alitazama mtoto, akatazama mti, na naapa kwako, alichelewa kuchagua. Mama mmoja nisiyemjua alimshika mkono.

"Mama, mutoto atakanyagwa," alimwambia kwa upole. "Weka hiyo kitu chini."

Mama aliuweka mti kando ya njia, akausimamisha vizuri, akalizungusha kopo ili lisianguke. Kisha akambeba mdogo wangu mgongoni. Hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini mpaka tunavuka alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Unisamehe, unisamehe." Sikujua anamwambia nani kati yetu.

Tuliporudi baada ya siku chache, mtaa haukuwepo. Ilikuwa ni mawe meusi, yenye moshi bado, yamelala juu ya nyumba yetu na juu ya pepinyeri. Mama wa maua tulisikia yuko hai, upande wa Sake, lakini hatukuonana naye tena. Kando ya njia tuliyopita hapakuwa na kitu.

Tulihamia kwa mjomba, mtaa wa Ndosho. Na kila Jumapili baada ya misa Mama alirudi peke yake kule kwenye mawe, akasimama mahali alipokadiria kuwa mlango wetu ulikuwa, akikaa huko mpaka jioni. Alisema Papa akirudi atatafuta nyumba, hataiona, na lazima akute mtu wa kumwambia tuko wapi.

Alifanya hivyo miaka miwili. Halafu Jumapili moja, badala ya kwenda kule kwenye mawe, alivua kitambaa cha kichwa, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja na mke wa mjomba. Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Tulikula mapema siku hiyo, sote pamoja, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Papa amekufa.