Nguo Nyeusi ya Rini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mavazi alinipokea akiwa na pini mdomoni, akaniuliza swali moja tu: "Unaweza kumvua mtu koti gizani bila yeye kusimama?" Nikasema naweza. Nilikuwa fundi cherehani Voi kabla ya kumfuata mume wangu aliyekuja kusoma Stockholm, nikadhani kazi ya nguo ni ile ile popote. Nilijidanganya. Fundi wa mtaani hushona nguo ivaliwe miaka. Sisi tulishona nguo ivuliwe upesi. Vifungo vyetu vilikuwa vya mapambo tu, na chini yake tulificha utepe wa kunata, ili aliyetoka jukwaani bibi harusi arudi mjane kabla taa hazijawaka. Anayefanya kazi hiyo gizani huitwa mvishaji. Ndiye niliyekuwa mimi, kwenye ukumbi mdogo wa maigizo huko Tensta, pembezoni mwa Stockholm, uliokuwa na baridi ya kukera.

Katikati ya miaka ya themanini, Mwongozaji wetu alitangaza kwamba tutaigiza hadithi ya kale ya Wamizo, watu wa milima ya kaskazini-mashariki mwa India. Alikuwa Mswidi mwenye kipaji, lakini alipenda hadithi za mbali kuliko watu waliozileta. Hadithi yenyewe ni ya kijana na msichana waliopendana, wazazi wakakataa. Msichana akafa. Kijana akapanda maua kaburini, na paka-mwitu akawa anayaiba. Siku moja akamkamata paka, paka akampeleka mpaka Mitthi Khua, kijiji cha wafu. Akamkuta mpenzi wake, ila hawakuweza kuishi pamoja. Wafu walipopiga kelele kwamba wameona dubu, yeye aliona kiwavi. Walichokiita samaki, yeye aliona jani la mwanzi. Msichana akamwambia, rudi kwenu, ufe kwanza, ndipo uje. Akarudi, akafa.

Aliyetuletea hadithi hiyo ni Rini, Mmizo, mhudumu wa wagonjwa hospitalini. Mumewe alitoka nyumbani wakati wa vita kwao, hakuonekana tena. Miaka ilikuwa imepita na Rini bado alikuwa akimngoja. Mlangoni pa nyumba yake, mtaa wa Hagsätra, palikuwa na viatu vipya vya kiume, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Siku moja alituonyesha nguo iliyofumwa kwa mkono, nyeusi, yenye mistari myekundu, ya njano na ya kijani. Mwongozaji akaishika kingo, macho yakamtoka.

"Hii ndiyo itakayomfunika kijana akifa," akasema. "Nguo ya kweli huonekana hata kutoka viti vya nyuma."

Rini akaivuta taratibu. "Kwetu msichana akiolewa, huenda nayo kwa mume. Siku mume akifa, ndiyo humfunika. Nikiitandaza juu ya mtu, nimemzika mume wangu. Na mume wangu hajafa."

"Lakini ni mchezo tu, Rini."

Nilichemka. "Bwana Mwongozaji, nitakushonea nyingine."

"Ya bandia itajulikana ni ya bandia."

"Hapa kila kitu ni bandia. Hata maiti wako anapumua."

Alinuna, akakubali. Nikatia pamba rangi nyeusi, nikashonea tepe safu kwa safu, Rini akinielekeza. Tulizungumza Kiswidi chetu cha kuungaunga. Siku ya mazoezi ya mavazi, yaani mazoezi ya mwisho ambayo kila mtu huvaa kama atakavyovaa mbele ya watazamaji, alikaa kando yangu. Msichana wa jukwaani akasema, "Rudi kwenu, ufe kwanza." Rini akanishika mkono.

"Mama Neema, je, kama yeye ananingoja kule, na mimi namngoja huku?"

 Nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu wa pili.

Jioni ya onyesho la kwanza nilisimama ubavuni mwa jukwaa na nguo yangu mkononi, tayari kumpa mwigizaji wa kumfunika kijana. Kijana alikuwa amekwisha kulala chini, amekufa. Nikamwona Rini pembeni yangu. Akavua viatu, akatoa nguo yake kwenye mfuko, akaingia jukwaani na sweta lake la hospitali. Akaitandaza juu ya kijana, akainyoosha miguuni, akamfunika uso. Halafu akakaa sakafuni, akalia kilio cha msiba. Watazamaji walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Msimamizi wa Jukwaa, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikosea, alisahau kuzima taa.

Makofi hayajaisha, Mwongozaji akaja mbio, machozi yanamtoka. Machozi ya kweli, sitamsingizia.

"Ajabu! Rini, kesho utaweza kurudia?"

Rini alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Kwenu mtu huzikwa mara ngapi?"

Akaondoka, nguo akaiacha. Mwongozaji akaniamuru niitundike stoo pamoja na mavazi mengine, itumike kesho yake. Nikamwambia anifukuze kama anataka, lakini haiingii stoo. Hakunifukuza. Maonyesho yote yaliyobaki yalitumia ile yangu, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Nilipompelekea Rini nguo yake, hakuipokea. "Imeshafanya kazi yake. Haiwezi kurudi kabatini." Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, jembe lisingeingia, kwa hiyo ilikaa nyumbani kwangu Norsborg mpaka majira ya kuchipua. Ndipo tukaichimbia shimo pembeni mwa msitu. Rini akaimba wimbo wa kanisani kwa lugha yake, nami kwa kuwa niliijua ile tuni, nikamwitikia kwa Kitaita.

Nilistaafu nikiwa mimi ndiye Mkuu wa Mavazi. Vijana mnaniuliza kazi ile ilinifundisha nini, na sina hotuba. Nimefunika maiti wengi jukwaani, na wote pazia likifungwa waliinuka, wakaulizia kahawa. Mume wa Rini sikuwahi kumwona hata kwenye picha, lakini ndiye pekee niliyemzika.