Kilima Kilichomfukia Nabifo Kitabuni

Hajara aliandikia riwaya zake Mafubira, Jinja, lakini zote zilitoka mahali pamoja: miteremko ya Elgoni, juu ya Mbale, alikolelewa na mama yake mkubwa, Nabifo. Katika riwaya ya mwisho kilima kiliporomoka, kikamfukia mwanamke mmoja mkaidi. Jirani alimsomea Nabifo kitabu hicho. Tangu hapo hakupokea tena simu ya Hajara.

Mwaka huu mvua zilipopitiliza, Asadu, kaka yake anayeishi Malukhu, mjini Mbale, alimpigia simu. "Ardhi imepasuka nyuma ya nyumba ya Mama. Majirani wamehama. Yeye hataki kusikia."

Hajara akapanda basi asubuhi ile ile. Asadu alimpokea Mbale, wakapanda mlima kwa miguu, matope yakiwavua viatu. Nabifo walimkuta mlangoni akimenya matoke. Hakuinua uso.

"Mulembe, Mama," Hajara alisalimia.

"Umekuja kuangalia kama nimeshakufa, kama ulivyoandika?"

"Yule si wewe, Mama."

"Kikohozi changu. Ubishi wangu. Hata ng'ombe wangu umemtia. Kaburi tu ndilo ulilonipa wewe."

Nyuma ya nyumba kitu kililia, mfano wa shuka linalochanwa polepole. Asadu alikimbia kuchungulia, akarudi amebadilika rangi. "Ufa umepanuka. Twendeni!"

Nabifo akaendelea kumenya. Hajara akapiga magoti topeni, akamshika mkono wenye kisu.

"Niliandika kwa sababu ya woga, Mama. Tangu utotoni, mvua ikinyesha, sikulala. Nilikuwa nasikiliza kilima. Wewe ulikuwa unakoroma."

Kwa mara ya kwanza Nabifo alimtazama.

"Sikuwa nakoroma," alisema. "Nilijifanya, ili wewe usiogope."

Akasimama, akaenda kumfungua ng'ombe. Bila ng'ombe hatoki, alisema. Asadu alivuta kamba, Hajara akasukuma kwa nyuma. Mnyama akagoma penye kijito. Wakamsihi, wakamtukana, mwishowe akavuka. Hawajafika mbali, kilima kikaachia. Kishindo kiliwapitia miguuni. Walipogeuka, jiko halikuwepo, wala shamba la kahawa, wala nusu ya nyumba.

Wakateremka na ng'ombe hadi Malukhu. Uani kwa Asadu, Hajara alileta beseni la maji ya moto, akaanza kumwosha Nabifo miguu. Nabifo hakusema amemsamehe. Alimwekea mkono begani asije akayumba, na hata miguu ilipokauka, hakuuondoa.