Mtani Aliyechukua Pini ya Trela

Najua mmezoea visa vya namna hii viwe vya usiku wa manane, bundi alie, mbwa abweke. Changu kilitokea saa nane mchana, mvua ikinyunya, na akili zangu zote nilikuwa nazo. Mimi ni Mmoravia, kwaya naimba sauti ya pili, pombe siijui hata harufu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize, maana kama si jambo lile nisingekuwa na mdomo wa kulisimulia.

Kazi yangu ni asali. Ninakaa Ipuli, hapa Tabora mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda vijijini na porini kwa warina asali, nanunua ndoo zao, napakia kwenye trela, narudi. Mwaka juzi gari langu la zamani lilikufa injini mvua zikiwa zimeshachanganya. Ikabidi nitafute jingine, lililotumika, kwa sababu jipya ni la wakubwa.

Msidhani kila gari refu lina nguvu ya kuvuta. Mimi nilijua ninachotaka: dizeli, linalosukuma kwa magurudumu yote manne, lenye ile gia ya pili ya nguvu kwa matope na miteremko, springi za nyuma zisiwe zimelegea, na tumbo liwe juu ya visiki. Yale magari laini ya kwendea harusini sikuyatazama. Nikafika kwenye yadi moja, nikamkuta dalali mmoja wa makamo, shati la kupigwa pasi, ulimi mtamu kuliko asali yangu. Aliponisikia nikimsalimia mlinzi kwa Kinyamwezi, akapiga makofi.

"Kumbe Mnyamwezi! Mimi Mzaramo, mama. Mtani wako!"

Kwa asiyejua: sisi na Wazaramo tu watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo mabegani kutoka huku hadi pwani na kurudi. Mtani anakutukana unacheka. Anachukua kitu chako, na hukipati mpaka ukikomboe kwa chochote. Na ukifa ugenini, mtani ndiye anayehangaika na kaburi lako, huku akinung'unika kwamba hata maiti yako ni mzigo. Utani kwetu ni undugu, tena wakati mwingine unaushinda.

Hapo ndipo nilipokosea. Huyu mtani hakunitukana hata mara moja. Alinisifu. Alisifu macho yangu kwa kuchagua vizuri, alisifu biashara yangu, akalisifu gari jeupe alilonionyesha mpaka nikaona aibu kulikagua sana. Jamani, mliwahi kuona wapi mtani anayesifu? Lakini nilikuwa nimeshalegea. Nilifungua boneti, nikasikiliza injini, nikajaribu gia zote, nikabonyeza springi. Nikainama mara moja nikachungulia chini, nikaona kote kumepakwa rangi nyeusi mpya. Nikasema moyoni, mwenye gari hili alilipenda.

Nilikuwa na sharti moja tu, kwamba sinunui gari bila kulijaribu na trela langu likiwa na mzigo. Akakubali. Siku ya pili tukafunga trela, ndoo thelathini za asali juu yake, tukashika njia ya Kigwa. Binti yangu Naomi akapanda nami mbele. Alikuwa ametoka kliniki Kitete, mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kwake ni Kigwa, kwa mumewe. Nilimwambia, "Panda mwanangu, leo unarudishwa na gari la maana." Dalali akakaa nyuma na simu yake.

Na lilivuta kweli, siwezi kulisingizia. Tope la mbuga, lile jeusi linalong'oa viatu, tulilipita kama lami. Naomi alikuwa anacheka, ameshika tumbo. Nilishakata shauri kununua.

Kabla ya kufika Kigwa kuna mteremko unaoshuka kwenye kijito, daraja la magogo, halafu mpando mkali upande wa pili. Juu ya mteremko, pale penye tambarare, katikati ya njia alisimama mwanamume. Mzee, mwembamba, shuka kiunoni, mti begani na vifurushi viwili, kila ncha kimoja. Nikafunga breki. Nikashusha kioo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia marahaba. Alilizunguka gari polepole, akarudi dirishani kwangu, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekonda.

"Wanyamwezi mmekwisha," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha zamani. "Babu zenu walibeba wenyewe. Nyie mnambebesha mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

Akalipiga gari ubavuni kwa kiganja. "Huyu. Mgongo umevunjika, mmempaka wanja. Mkifia mtoni, nani atawazika? Mimi? Mimi nimechoka, sichimbi makaburi matatu."

Naomi akaangua kicheko. "Mama, mtani huyo!" Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamjibu, "Mzaramo mvivu we, ondoka njiani tupite." Lakini neno moja lilinichoma. Matatu? Tulikuwa mimi, Naomi na dalali, sawa. Au alikuwa anamhesabu aliyemo tumboni na kumwacha dalali? Mpaka leo sijui.

Yeye alikuwa ameshakwenda nyuma. Nikasikia chuma kikilia, kisha puu, mkono wa trela ukaanguka chini. Nikashuka mbio. Ameshika pini ya trela, anaitumbukiza kwenye kifurushi chake.

"Ikomboe," akasema, anacheka, meno mawili tu mbele.

Niaminini, hapo ndipo nilipoitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimezama kwenye tope hadi vifundoni. Yake ilikuwa imejaa vumbi, lile vumbi jekundu la kiangazi, kavu kabisa, na mvua inanyesha. Mzee akageuka, akapita nyuma ya chungu ya mawe iliyo kando ya njia, na hakutokea upande wa pili. Chungu yenyewe haifiki kiunoni. Angejificha wapi?

Dalali akatoa kichwa dirishani. "Mama, mbona umesimama mvuani? Unamtazama nani?"

Nikamwangalia Naomi. Alikuwa hacheki tena. "Nimemwona, mama," akasema. "Nimemwona vizuri."

Mnajua mtu akiogopa hushika kazi. Pini imekwenda, giza liko mbali, nami sikutaka kukaa pale. Nikachukua mnyororo ili nilifunge trela kwenye chesisi, tuvuke taratibu hadi kwa mkwe wangu. Ili kuupitisha ilinibidi nilale chali topeni na kuingia chini kabisa, gauni na kilemba vyote. Nikawasha tochi ya simu.

Ile rangi nyeusi ilikuwa imebanduka kwa mivutano ya njiani. Chini yake, pale ndoano ya trela inaposhikana na chesisi, niliona uchomeleaji wa zamani, mbaya, wa haraka haraka, na katikati yake ufa. Nikaingiza kidole changu. Kiliingia hadi kwenye fundo la pili. Upande wa kushoto umekatika, wa kulia umebaki ukanda mwembamba wa bati. Tungeshuka pale, tukavuka, na kwenye ule mpando uzito wote ungening'inia kwenye ukanda ule. Gari lingekatika mgongo na kuturudisha kinyumenyume mtoni, na binti yangu mbele, na mjukuu wangu.

Nilitoka chini ya gari nikitambaa. Nilikaa topeni nikalia kwa sauti, nikacheka, nikalia tena. Naomi akashuka na tumbo lake akanishika kichwa. Yaani raha niliyoisikia pale, ya kumshika mkono ukiwa wa moto, sijawahi kuisikia hata siku ya harusi yangu. Nilipomtazama dalali, hakuuliza nimeona nini, akaanza kutafuta mtandao kwenye simu yake.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi dalali tu, mama. Mwenye gari ndiye..."

"Na Uzaramo wako?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba pwani yenyewe aliwahi kuiona mara mbili tu.

Naomi akampigia mumewe, akaja na jirani yake mwenye trekta, mwanakijiji wa siku nyingi. Nilipomsimulia, yule jirani hakushangaa. Alinionyesha ile chungu ya mawe. Nimepita pale miaka yote nikidhani ni mawe ya watengeneza barabara. Kumbe ni kaburi. Alisema mpagazi wa Kizaramo aliugua kwenye msafara, wenzake wakaendelea na safari kuelekea mjini, akabaki hapo. Wenyeji wakamwuguza, akafa mikononi mwao, wakamzika kwa sababu alikuwa mtani. Na kama desturi inavyotaka, walimzika huku wakimlalamikia kwamba ni mzito na kaburi lake ni refu. Wazee wakipita walirusha jiwe na tusi. Siku hizi hakuna anayemkumbuka, magari yanapita tu.

Wiki iliyofuata nilirudi na chupa ya asali ya kuikombolea pini. Juu ya mawe ilikuwapo pini yangu. Ilikuwa yangu kabisa, ina alama yangu niliyoipiga kwa tindo, lakini imeliwa na kutu hadi kuwa nyembamba kama kidole cha mtoto. Fundi wangu alipoishika akasema chuma hiki kimelala udongoni miaka mingi sana. Wiki moja, ndugu zangu! Iko kwangu juu ya mlango.

Mchungaji wangu aliniambia nisilisimulie jambo hili. Namheshimu, lakini nalisimulia. Gari nililo nalo sasa ni baya, limebonyea mlango, rangi haijulikani ni kijani au buluu. Nililala chini yake kabla hata ya kuuliza bei, nikakwangua kila kiungo kwa bisibisi, na fundi kando yangu. Nanyi fanyeni hivyo. Rangi mpya juu ya gari kuukuu isiwafurahishe, hasa ile ya chini isiyoonekana na watu. Na anayejiita mtani halafu anawasifu tu, mkimbieni.

Naomi alijifungua salama, mtoto wa kike, ana miguu ya kukimbia na mdomo wa bibi yake. Tukipita pale kwenye mawe ninapunguza mwendo. Mtani hashukuriwi, mnajua, ukimshukuru umemfanya mgeni. Kwa hiyo nashusha kioo, namwinua mtoto aone, na tunapaza sauti wote wawili: "Mzaramo mvivu we! Bado umelala?"