Kidole cha Ndugu

Baba alirudi nyumbani kila jioni akinuka maziwa yaliyochacha na soda ya kuoshea makopo. Harufu hiyo iliingia kwanza, kisha yeye. Alifanya kazi kwenye banda la maziwa la mzungu mmoja upande wa Endebess, nasi tuliishi kwenye shamba hilo hilo kama maskwota: vibanda viwili, kipande cha mahindi, na ng'ombe sita ambao Baba aliwajua kwa majina kuliko alivyowajua watoto wa jirani. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Mlima Elgon ukalala juu ya pareto, na sisi wanawake na wasichana tukachuma maua yake huku vidole vikiuma kwa baridi. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Burma. Nilikuwa nimefika darasa la nne katika shule ya misheni, nikiwa msichana wa kuona haya, mwenye kuandika polepole mno hata mwalimu alizoea kufuta ubao kabla sijamaliza.

Kwenye shamba lile kulikuwa na sheria ya kofia. Mzungu akipita juu ya farasi wake, kila mwanamume mweusi alivua kofia na kuishika kifuani mpaka vumbi litulie. Baba alivua. Alisema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Aliamini kwamba mambo hubadilishwa kwa barua, kwa adabu, na kwa subira. Mama alikuwa na njia yake: akisikia kwato, aliinama kupalilia na kumpa mzungu mgongo. Hakuna sheria iliyokataza mgongo. Lakini Baba mdogo Wanjala, aliyerudi kutoka vitani na kofia ya jeshi yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja, hakuvua wala hakuinama. Alisimama wima akamtazama mzungu machoni. "Ukiubusu huo mkono kila siku, kaka," alimwambia Baba, "utasahau kwamba una meno." Baba akamjibu, "Na wewe ukiuma, watakaong'olewa meno ni watoto wangu. Au hilo jeshini hawakufundisha?"

Baba alikuwa amesema kweli. Ijumaa moja mzungu alimwita Baba bandani akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Ndugu yako andika barua, weka kidole, sema yeye kosa. Jumatatu. Kama hapana, nyote toka, ng'ombe toka." Kutoka kwenda wapi? Babu alikuwa amezikwa pale pale nyuma ya zizi. Baba mdogo hakuwepo; alikuwa amekwenda Kapsokwony kumtembelea rafiki wa jeshini, na hakutarajiwa kabla ya Jumapili usiku.

Jumapili, baada ya kanisa, Baba aliniita. Aliweka mbele yangu karatasi, kalamu na kichupa cha wino alichokiazima kwa mwalimu. "Andika," akasema. "Mimi Wanjala naomba radhi kwa Bwana. Nimekosa adabu. Tangu leo nitavua kofia." Mkono wangu ulisimama. Nilisema, kwa sauti ndogo, "Baba, lakini hajasema hivyo." Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, hakuinua kichwa, ila mikono yake ilitulia. "Atasema akirudi," Baba alinijibu. "Wewe andika, mama. Andika vizuri." Niliandika kwa muda mrefu, na ile sentensi ya radhi ndiyo iliyotoka na mwandiko mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilijivunia herufi zangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kisha Baba alichovya dole gumba lake mwenyewe katika wino akalikandamiza chini ya jina la mdogo wake. Aliponiona nikitazama, alisema, "Kidole cha ndugu ni kimoja."

Baba mdogo alirudi usiku tukiwa tumelala. Nadhani Baba alipanga kumweleza asubuhi. Hakupata nafasi, au hakuitafuta. Jumatatu tulipopangwa mistari, wanaume upande huu na sisi wachuma pareto upande ule, karani wa shamba aliifungua barua akaisoma kwa sauti, mzungu akiwa kando juu ya farasi wake. Vicheko vilianza nyuma. "Ati keya, askari mzima, ameomba radhi!" mmoja akasema. "Burma ilikuwa ya nini sasa, bana?" Baba mdogo alimgeukia karani, midomo ikafunguka. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa Baba, kwenye lile dole lenye wino ambao maji na majivu vilishindwa kuutoa. Neno moja tu kutoka kwake, na sisi sote tungekuwa barabarani na ng'ombe wetu. Alivua kofia. Aliishika kifuani, polepole, kama mtu anayejifunza, mpaka farasi akapita.

Mchana ule ule alifunga blanketi lake kwenda Sirisia kwa miguu. Alinipitia kwenye pareto. "Mwandiko wako ni mzuri, mama," aliniambia. "Siku nyingine niulize kwanza."

Miaka miwili baadaye mzungu alitaka nafasi zaidi ya ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, akatufukuza hata hivyo. Tulikwenda Sirisia kubisha hodi kwa Baba mdogo. Alitupa mahali pa kujenga. Yeye na Baba walilima pamoja, wakazeeka pamoja, na kuhusu ile barua hawakuwahi kuongea.

Sasa ninaishi Bungoma, na hakuna anayeshika kofia kifuani kwa ajili yangu wala mimi kwa ajili ya mtu. Bado kuna watu wanaonyimwa kazi kwa sababu ya ukoo wao, na vijana wetu bado wanabishana: wengine wanataka kuandamana barabarani, wengine wanataka barua. Wiki iliyopita walikuja watatu na karatasi ya malalamiko. Haikuomba radhi kwa mtu, ilidai. Nilifurahi. Kisha nikaona jina langu, la nne kutoka juu, limeshaandikwa. "Tulijua utakubali tu, kukhu, bibi yetu," kijana mmoja alisema akicheka.

Nilikubaliana na kila neno lililokuwamo. Niliomba kalamu, nikalikata jina langu, nikawaambia wakae chini wanisomee barua yao tangu mwanzo. Walitazamana. Mmoja akaangalia simu yake. Nikasubiri.