Maboya ya Njano ya Magara

Asubuhi, ufukweni Magara, kijiji cha wavuvi, mwanamke mmoja anaelea kifudifudi ziwani, mikono imelegea, hasogei. Wachuuzi wa samaki wamekwisha kumzoea. Hakuna tena anayepiga yowe kwamba amekufa.

Huyo ni Eliana Nizigama, mtaalamu wa ekolojia ya ziwa. Yuko hai, na yuko kazini. Chini yake, kwenye miamba, samaki wawili waitwao kuhe, dume na jike, wanazunguka taratibu wingu la vitoto vyao.

"Kuhe akilea hali chochote, wala hakimbii," anasema akivua miwani ya kuzamia. "Wavu ukija anabaki palepale. Wazazi wakivuliwa, vitoto vinaliwa siku hiyohiyo."

Alizaliwa kambini mkoani Kigoma, mbali na maji, wazazi wakiwa wakimbizi, akakua akiota matumbawe ya bahari aliyoyaona kwenye kalenda ya ukutani. Masomo yakamleta kwenye ziwa lisilo na tumbawe hata moja. Aliomboleza, kwa maelezo yake, "kama wiki hivi." Kisha akazamisha uso majini, na msiba ukaisha.

"Huko chini kuna mji," anasema, macho bado ziwani. "Hauna kelele. Kila jiwe lina mwenyewe."

Msimu huu alipata jozi tatu za kuhe. Akafunga mabidoni ya njano, madumu matupu yaliyokuwa ya mawese, yaelee kama maboya kuzunguka mwamba wao, ili wavuvi waukwepe.

Hapo sayansi ikapata pigo. Magara, bidoni linaloelea ni alama ya wavu, na penye wavu wa mwenzako pana samaki. Mitumbwi yote tukufu ya Magara ikakusanyika juu ya mwamba. Jozi mbili zikaishia sokoni.

Eliana hakugomba. Aliyahamisha maboya hadi kwenye mchanga mtupu, mbali. Mitumbwi ikayafuata kwa utaratibu wa msafara wa askofu.

"Tulivua pale mpaka tukachoka. Iko mchanga tu!" analalamika mvuvi Mulamba. "Mama, ulitufanya batoto."

"Mulikula kuhe zangu kwanza."

"Zako? Ulizizaa?"

Eliana mwenyewe ndiye aliyemfichulia hila hiyo, akijua haitadumu. Kisha akampa miwani. Mulamba, aliyevua ziwa hili tangu ujana bila kulitazama ndani, aliinama ukingoni mwa mtumbwi juu ya jozi iliyobaki, uso majini, akakaa hivyo kitambo.

"Nilizani samaki yenye kubaki kwenye wavu iko mujinga," alisema alipoinuka.

Sasa vitoto vya jozi iliyobaki vimefikia urefu wa kidole, na vinakaribia kutawanyika. Eliana anataka, kabla ya msimu ujao, wavuvi wachague wenyewe miamba ya kuachwa, bila boya lolote. Anatumaini wavuvi wa Minago, kijiji jirani, nao watafuata. Mulamba tayari anabishana naye kuhusu miamba ipi.

Ninapoagana na Eliana, mtumbwi wa Mulamba unakaribia mwamba. Anainua kasia, anauacha mtumbwi uteleze wenyewe.

"Polepole, ndugu," anamwambia mwenzake. "Hapa batu banalea."